Namba ya Leseni ya Mwaka Jana

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo na paa la ofisi limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Wakili Bediako alisogeza kiti chake hatua moja kushoto akaendelea kusoma gazeti. Mimi nikatafuta ndoo. Hii ni wiki yangu ya nane ya uanagenzi kwake. Zimebaki kumi na nane, kisha ananisainia cheti, nami naacha kuwa nusu wakili.

Nimepiga chapa hati ya utetezi ya Eno Birago, yule mama mzee wa mikate. Mumewe alifariki Oktoba. Mpwa wa mumewe, Kwabena Adusei, amemshtaki Mahakama Kuu akisema nyumba ni ya marehemu mjomba wake, kwa hiyo ni ya ukoo wao wa upande wa mama, na mjane atoke. Ni madai ya siku zote hapa kwetu Adansua, na sheria ya nchi ina majibu yake, maana Eno aliijenga ile nyumba pamoja na mumewe. Kesi nzuri. Hata mimi ningeishinda.

Chini ya saini ya wakili lazima iwekwe namba ya leseni yake ya mwaka huu. Nikamuuliza.

"Weka ile ya mwaka jana," akasema bila kushusha gazeti.

"Mzee, ile si ilikwisha Desemba?"

"Mwanangu, nimesimama mbele ya majaji miaka thelathini na nne. Nani katika mji huu ataniuliza karatasi?"

Nikaweka ya mwaka jana. Akasaini, nikaipeleka masjala mwenyewe, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

Alhamisi, 6 Machi

Sikukuu ya uhuru. Wanafunzi waliandamana mvuani. Nimefua.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kuangalia sheria, maana ile namba ilikuwa inaniwasha. Imeandikwa waziwazi: wakili asiye na leseni hai hawezi kusaini hati yoyote ya mahakama, na hati aliyoisaini ni sawa na haijaandikwa. Nimemwambia. Amecheka, akaniita Mheshimiwa Jaji, akaniagizia ndizi za kuchoma na karanga.

Kumbe sababu yenyewe ni hii: siku hizi hupewi leseni mpya mpaka uhudhurie masomo ya kila mwaka kule Kumasi. "Nikakae darasani," anasema, "nifundishwe maadili na mtoto niliyemfundisha kufunga joho?"

Ninampenda huyu mzee, niandike hilo leo ili nisije kusema sikuwahi. Ndiye pekee aliyenipokea. Ofisi tisa za Kumasi zilinijibu kwamba nafasi zimejaa, ya kumi hata haikunifungulia mlango. Yeye aliniuliza jina la mama yangu, akasema njoo Jumatatu. Akisimama mahakamani kwa ile sauti yake nzito, hata polisi wa mlangoni wanaacha kuchezea simu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Kesi tatu, zote zimeahirishwa. Mama amepiga simu kuuliza ni lini ataanza kuniita wakili kamili mbele ya majirani. Nimemwambia Julai. Anasema ameshaanza.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Eno Birago alikuja na mikate miwili, mmoja wa Mzee, mmoja wangu, ingali na joto. Mzee hakuwapo, tukakaa wawili barazani kungoja mvua ikatike.

Alinisimulia ile nyumba. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kakao, wiki nzima yuko safarini. Matofali alifyatua yeye, mjamzito wa mtoto wa pili, kila alfajiri kabla ya kuwasha tanuri. Ukipita upande wa nyuma, anasema, yako matofali yenye alama ya kiganja chake, kwa sababu kalibu lilikuwa limepinda na ilibidi asawazishe kwa mkono.

"Haya yote nitamwambia jaji," akasema. "Nimeshajipanga. Nitaanza na kalibu."

"Anza na kalibu, Eno."

"Na huyu mzee wako, ni wakili mzuri kweli? Niambie wewe, tuko wawili."

"Hakuna mzuri kama yeye," nikamwambia. Nilisema kweli. Alichonacho kibovu ni karatasi moja tu, na karatasi si wakili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Alhamisi, 15 Mei

Imekuja.

Jaji Okaikor Nunoo aliitisha faili letu saa tano. Ni jaji mgeni, mwanamke wa Accra, wa kabila la Waga wa pwani, ameletwa hapa mwaka jana na mji haujamzoea. Anaandika kila neno la shahidi kwa mkono wake, polepole, na ukikimbia anainua kalamu anakungoja. Watu wanasema anaringa. Mimi naona anaandika tu.

Wakili Fosuhene wa upande wa Adusei alisimama. Ni kijana, wigi lake bado jeupe. Akasema ana pingamizi na angeomba radhi kwanza kwa mwandamizi wake. Halafu akasoma namba iliyo chini ya hati yetu, ile niliyoipiga chapa mimi, akasoma na barua ya Baraza la mawakili kutoka Accra inayosema kwamba Wakili Bediako hana leseni ya mwaka huu.

Mahakama nzima ilimgeukia Mzee. Mzee akasimama, akavuta joho, akasema kwa sauti ile: "Mheshimiwa, nilikuwa natetea watu katika chumba hiki huyu rafiki yangu msomi akiwa bado ananyonya."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Wakili, leseni unayo?"

"Ipo njiani, Mheshimiwa."

Jaji akaandika. Kisha akasema maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana najua yatakuja kugeuzwa: "Sipendi mama huyu aumie kwa jambo lisilo lake. Naahirisha mpaka tarehe tano Juni. Kabla ya siku hiyo, wakili yeyote mwenye leseni aniletee ombi la kuweka utetezi mpya. Nitalikubali. Lisipokuja, sitakuwa na la kufanya."

Wiki tatu. Alitufungulia mlango mzima, si dirisha.

Nje, Eno akauliza kulikuwa na nini. Mzee akamwambia, "Mambo ya kisheria tu, mama. Vijana wanapenda kelele." Akanitazama juu ya miwani. Nikatazama mvua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika rasimu ya ombi. Kurasa mbili tu. Linahitaji saini ya wakili yeyote mwenye leseni, na hapo ng'ambo ya barabara wako wanne. Nimeliweka mezani kwake.

Jumatatu, 26 Mei

Bado liko mezani. Ameweka kikombe cha chai juu yake.

"Niende kumpigia magoti kijana wa ng'ambo anisainie?" ameniuliza. "Nilambe miguu ya yule mwanamke wa Accra? Hawezi kuitupa hati yangu. Hatathubutu."

Nilimwambia kesi ni ya Eno, si yake. Akauliza, "Cheti chako kinasainiwa lini vile?"

"Tarehe kumi na moja Julai, Mzee."

"Aa. Bado kitambo."

Akanywa chai yake, akarudisha kikombe palepale.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimedanganya mahakamani, kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama na mikono nyuma.

Saa mbili asubuhi Mzee alinipigia simu akasema ana homa, niende niombe tarehe nyingine. Nyuma ya sauti yake nilisikia ngoma na mtu anatangaza wageni kwenye kipaza sauti. Alikuwa Mampong, kwenye maombolezo ya wiki moja tangu kifo cha rafiki yake, amevaa nguo nyeusi amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Nimefika mahakamani nimelowa mpaka magotini.

"Wakili mdogo," Jaji akaniita, "mzee wako anaumwa nini?"

"Homa, Mheshimiwa."

"Na lile ombi? Hajakuachia lolote unipe?"

Nilikuwa nalo kwenye mkoba, lina duara la kikombe cha chai na halina saini. "Hapana, Mheshimiwa."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua. Kisha akaandika, akasoma alichoandika: hati ya utetezi imetupwa, kesi itasikilizwa kwa ushahidi wa mdai peke yake. Eno alikuwa benchi la nyuma na kitambaa chake cheupe kichwani. Alinipungia mkono nilipokuwa natoka. Alifikiri mambo yanakwenda vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Adusei ametoa ushahidi. Kila neno lake limeandikwa. Sisi tumekaa kimya, hatuna haki ya kuuliza swali. Amesema nyumba ilijengwa na mjomba wake kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne, 24 Juni

Hukumu ilisomwa dakika kumi. Nyumba ni ya ukoo, mjane aondoke mwisho wa Julai.

Jaji alipofunga faili Eno akasimama kule nyuma. "Mheshimiwa! Mimi sijasema! Mbona mimi sijasema?"

Polisi akamsogelea. Jaji akamwinulia mkono amwache. "Mama," akasema kwa Kitwi chake cha lafudhi ya pwani, "wakili wako yuko hapo mbele. Muulize yeye kwa nini hujasema."

Tulitoka naye, mmoja kila upande. Kwenye ngazi akamshika Mzee joho kwa mikono miwili. "Wakili, nilikosa nini? Niambie."

Wakati ule Mzee angeweza kusema. Nilimwona akifungua mdomo. Watu walikuwa wametuzunguka, wateja wake wengine, wauza mahindi, mtu wa redio, wote wanangoja. Akafunga mdomo, akaufungua tena, akasema:

"Hukukosa kitu, mama. Wamekwenda kumwona jaji na bahasha. Wamepita mlango wa nyuma."

Umati ukaguna. Eno akaachia joho. Akageuka akatazama lile jengo la mahakama, akatikisa kichwa mara mbili, polepole, hakulia.

Mimi nilikuwa nimesimama nusu hatua kutoka kwake. Ninajua sheria: kuna siku kumi na nne za kuomba hukumu kama hii ifutwe, mtu akieleza kwamba kosa ni la wakili na si la mteja. Siku kumi na nne zinakwisha tarehe nane Julai. Cheti changu ni tarehe kumi na moja. Nimehesabu njia nzima ya kurudi nyumbani, kana kwamba nikihesabu tena tarehe zitapishana.

Jumatano, 2 Julai

Eno Birago amemlaani jaji.

Redio ya mji imetangaza tangu asubuhi. Alikwenda mtoni Abonsuo akiwa peku, na mayai matatu na chupa ya pombe kali. Akampa mto jina kamili la jaji na jina la mama wa jaji, sijui aliyapata wapi. Akasema: aliyeniziba mdomo nisiseme mbele ya haki, wewe mto mzibe wake. Akayavunja mayai.

Mtangazaji alikuwa anahema kama anatangaza mpira. Watu wakapiga simu kushangilia.

Nilimkuta Mzee ofisini ameiwasha redio kwa sauti kubwa. Nilitegemea atakuwa ameshtuka. Alisema, "Bora. Ajifunze kuishi na watu."

Ijumaa, 4 Julai

Jaji hakukaa mahakamani leo. Karani anasema ni malaria. Mji mzima unasema si malaria.

Jumatatu, 7 Julai

Hakukaa tena. Wanasema koo limevimba, hawezi kutoa sauti. Kwenye kibanda cha fufu mchana watu walikuwa wanasimuliana kama wamemwona kitandani. Mzee alikuwa katikati yao na bakuli la mchuzi wa karanga, jasho linamtoka, anacheka. Mmoja akamwambia, "Wakili, huyo mama yako ni moto!" Akajibu, "Wateja wangu hawachezewi." Akanikonyeza.

Sikumaliza kula. Nilikuwa nasema moyoni kwamba ni mzee mwenye kiburi na kiburi kimemponza, basi. Leo nimemwona mtu mwingine. Anajua kabisa kwamba yule mwanamke hana kosa, na anakula kwa raha.

Halafu nikajiona mimi, nimekaa meza moja naye.

Jumanne, 8 Julai

Siku ya kumi na nne.

Niliamka nimeamua. Nitakwenda kwa Eno saa mbili, nimwambie yote, nimpeleke kwa mmoja wa wale mawakili wanne wa ng'ambo, ombi lisajiliwe kabla masjala haijafungwa saa kumi. Nilivaa viatu vizuri. Nilichukua rasimu mpya, safi, isiyo na chai.

Mvua ilikuwa kubwa lakini si ya kumzuia mtu. Nataka liandikwe hivyo. Barabara ilipitika.

Nilifika. Tanuri lilikuwa linawaka chini ya bati, nyuma ya nyumba, na niliyaona matofali. Viganja vipo. Nilihesabu saba. Kimoja kiko usawa wa kifua changu, kidogo, vidole vimekaa pamoja. Eno alikuwa amegeukia moto, anatoa mikate kwa lile koleo refu, na mgongo wake umeinama kuliko Aprili.

"Nani huyo? Aa, wakili wangu mdogo! Karibu, ingia usilowe. Umekuja na nini mvuani?"

Karatasi zilikuwa kwenye mkoba. Ulimi ulikuwa mdomoni. Nilifikiri: siku tatu tu. Ijumaa anasaini. Nikisema leo, miezi sita imekwenda na maji, miaka saba ya shule, na mama ameshawaambia majirani. Nikisema Jumamosi, ninakuwa wakili kamili na ninaweza kumsaidia vizuri zaidi. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayohayo, nimesimama kando ya moto wake.

"Nimekuja kununua mkate, Eno," nikasema.

Alicheka, akakataa pesa. Akaufunga kwenye gazeti mara mbili usilowe.

Masjala imefungwa saa kumi. Niliiangalia ikifungwa kutoka dirishani kwetu.

Jumatano, 9 Julai

Sijala ule mkate. Siwezi pia kuutupa.

Ijumaa, 11 Julai

Amesaini. Alitumia kalamu ya wino aliyopewa siku alipoapishwa, akaupuliza wino ukauke, akasimama akanikumbatia. "Utakwenda mbali," akasema. "Unajua kunyamaza."

Nimepewa sifa nyingi katika maisha yangu, za shule, za kuombea kazi. Hiyo ndiyo ya kweli kuliko zote nilizopewa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Eno.

Alikuwa anafungasha. Vyombo viko kwenye makapu, bati la tanuri limeshaezuliwa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia leseni mpaka wiki tatu za jaji, homa ya uongo, siku kumi na nne. Nilimwambia kwamba hakuna aliyemwona jaji, hakuna mlango wa nyuma, yule mwanamke alitaka kumsikia na sisi ndio tuliomzuia.

Alisikiliza mikono imekaa juu ya kapu. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

"Ile siku ya mkate," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Eno."

"Na siku hiyo muda ulikuwa bado upo?"

"Ulikuwepo. Mpaka saa kumi."

"Na Ijumaa Kuu? Tulipokaa kule barazani kwenu nikakuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Nilianza kumweleza kwamba bado tunaweza kuomba tuongezewe muda, kwamba nitakula kiapo mimi mwenyewe na kueleza kila kitu, kwamba si lazima jaji akubali lakini anaweza. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Nyumba subiri," akasema. "Wewe unaniambia nimemweka mtoto wa watu mtoni bure? Mwanamke mwenzangu? Anaumwa kwa ajili ya uongo wenu?"

"Ni malaria, Eno."

"Usinifundishe." Hapo ndipo sauti yake ilipanda. "Nyinyi mmesoma, haya, someni. Mimi nimevunja mayai. Maneno yametoka kwenye mdomo wangu huu, si kwenye karatasi zenu. Nikifa leo nitamwambia Mungu nini?"

Akakaa chini juu ya sakafu, miguu mbele, akalia. Kwenye ngazi za mahakama, siku ya hukumu, hakulia. Sikujua kama nimguse. Sikumgusa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekula kiapo. Kurasa tatu. Nimeandika nani alipiga chapa namba, nani alisaini, nani alisema homa na mwenye homa alikuwa wapi. Wakili mmoja wa ng'ambo, mama wa makamo, alisaini ombi bila kuniangalia usoni. Limepangiwa tarehe thelathini, siku moja kabla ya mahakama kwenda likizo mpaka Oktoba. Litasikilizwa na Jaji Nunoo, kama atakubali kulisikiliza ombi la mtu aliyemlaani. Mama wa ng'ambo anasema huenda akajitoa, na faili likaenda kukaa Kumasi, na Eno yuko nje wakati linakaa.

Nilimpelekea Mzee nakala mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Mwishoni akavua miwani, na nikaona kwamba ni mzee hasa, mzee wa kweli, ngozi chini ya macho imelegea.

"Miaka thelathini na nne," akasema.

"Najua, Mzee."

"Hukuweza kuja kwangu kwanza?"

"Nilikuja Machi."

Akavuta karatasi akaanza kuandika barua kwa Baraza kwamba anaondoa saini yake kwenye cheti changu, kwa sababu ya tabia isiyostahili wakili. Akakosea, akaanza upya. Nilimpa karatasi nyingine. Nikachukua mwavuli wangu nikatoka.

Bado sijampigia mama simu.

Alhamisi, 17 Julai

Leo tulikwenda Abonsuo, Eno, mimi, na kondoo.

Laana haitenguliwi kwa kusema samahani. Lazima uende ulikoiweka, ueleze mbele ya kuhani wa mto kwa nini unaiondoa. Tulishuka kwa miguu, yeye peku, nami nikavua viatu nikamfuata. Jana mvua ilinyesha usiku kucha na maji yalikuwa mekundu, yamepanda mpaka kwenye mizizi. Redio hawakuja. Ya kutengua hakuna anayetangaza.

Kuhani ni mwanamume mfupi, amejifunga shuka jeupe, mkali wa sura. Eno alipiga magoti kwenye matope. Alitaja jina la Jaji na la mama yake, akasema nilidanganywa, huyu hakuniziba mdomo, alikuwa ananingoja niseme. Muondoe. Kondoo akachinjwa.

Kuhani akauliza, "Umemtoa huyo. Mdomo wako ulizibwa au haukuzibwa?"

"Ulizibwa."

"Basi neno haliwezi kubaki hewani. Nani aliuziba?"

Eno akamtaja Wakili Bediako, jina lake kamili, na la mama yake. Hakuinua sauti.

"Ni huyo peke yake?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Eno hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na kile kitambaa cheupe, kimelowa.

"Yuko mwingine," akasema. "Lakini huyo ana mdomo. Atajisemea mwenyewe."

Kuhani akanitazama. Nilipiga magoti kando ya Eno na matope yakanipanda mpaka kwenye mapaja. Nikataja jina langu, Dufie Ampem, binti wa Afra Pinamang wa Bekwai, na nikasema nilichokifanya.

Kuhani akaweka mkono sikioni. Akasema maji yana kelele, hajasikia, nirudie kwa nguvu.

Nikarudia.